Miksa au saundi kadi? Swali la kumuuliza mteja kabla mzigo wa studio haujavuka mpaka

Wafanyabiashara wanaopeleka vifaa vya kurekodia muziki katika nchi jirani wanashauriwa kumuuliza mteja jambo moja kabla ya kununua mzigo wenyewe: studio yake inarekodi maiki ngapi kwa wakati mmoja? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama mteja anahitaji miksa, saundi kadi, au mashine inayofanya kazi za zote mbili. Asipoulizwa mapema, mzigo unaweza kufika salama, ukawa mzima kabisa, na bado ukarudishwa.

Chukulia duka la Mwanza linalopokea oda kutoka Bujumbura. Mteja anataka miksa ya chaneli 16 yenye USB kwa ajili ya studio aliyoifungua nyumbani. Mzigo unapita Kabanga, unavuka upande wa Kobero, unalipiwa kodi na kufika. Siku chache baadaye simu inapigwa. Mteja ameunganisha maiki sita, amerekodi wimbo mzima, lakini kwenye kompyuta sauti zote zimeingia zikiwa zimeshachanganyika. Hawezi kushusha ngoma bila kumshusha mwimbaji. Anaamini ameuziwa kitu kibovu na anataka fedha yake.

Mashine hiyo haikuwa mbovu. Ilifanya kile ilichotengenezwa kufanya, na muuzaji hakujua kwamba mteja alikuwa anatafuta kitu kingine. Sasa kuna nauli ya kurudi, kuna kodi iliyolipwa mpakani ambayo hairudi kirahisi, na kuna katoni iliyofunguliwa ambayo haiwezi kuuzwa tena kama mpya.

Chaneli za kwenye katoni

Tatizo linaanzia kwenye namba kubwa iliyochapwa juu ya katoni. Wengi huisoma kama idadi ya maiki. Sivyo. Yamaha MG10XU, mojawapo ya miksa ndogo zinazofahamika sana sokoni, ina chaneli 10, lakini matundu yenye priampu za maiki ni manne tu. MG12XU ina sita, na MG16XU ina kumi. Zinazobaki ni njia za kinanda, simu, redio au kompyuta, na kwa kuwa nyingi ni za stereo, njia moja huhesabiwa kama chaneli mbili.

USB nayo ina mtego wake. Katika miksa zote tatu zilizotajwa, waya wa USB hupeleka kwenye kompyuta njia mbili tu, yaani kushoto na kulia. Hata mteja akiwa na maiki kumi mezani, kompyuta inapokea mchanganyiko uliokwisha kupikwa. Kwa mahubiri, mahojiano ya redio au kurekodi onyesho la jukwaani, hilo linatosha kabisa. Kwa mtayarishaji wa muziki anayetaka kurekebisha kila sauti peke yake baada ya kurekodi, halitoshi.

Habari hizo hazijafichwa. Ziko kwenye ukurasa wa vipimo wa kitabu cha maelekezo, kwenye mstari wa USB. Ukiandikwa 2 kuingia na 2 kutoka, hiyo ni miksa ya stereo. Soundcraft Signature 12 MTK, kwa mfano, imeandikwa njia 14 kwenda kwenye kompyuta na 12 kurudi, na herufi za MTK mwishoni mwa jina ndizo zinazoitofautisha na ndugu yake Signature 12 wa kawaida. Mtu akiagiza kwa simu na kusahau herufi hizo tatu, analetewa mashine nyingine.

Kazi ya priampu

Priampu ni kikuza sauti cha kwanza kabisa. Maiki hutoa umeme mdogo sana. Maiki ya Shure SM58, ambayo karibu kila ukumbi wa Afrika Mashariki unaifahamu kwa sura, hutoa chini ya milivolti 2 kwa sauti ya desibeli 94. Rode NT1-A, ambayo ni ya aina ya kondensa na inapendwa na studio za nyumbani, hutoa karibu milivolti 25 kwa sauti hiyo hiyo. Kiasi hicho lazima kikuzwe kabla ya kufanyiwa jambo lolote, na hiyo ndiyo kazi ya priampu.

Ukuzaji hupimwa kwa desibeli. Kila desibeli 20 ni kuzidisha kwa kumi: 20 ni mara 10, 40 ni mara 100, na 60 ni mara 1,000. Maiki ya kondensa mara nyingi hutosheka na ukuzaji wa kati. Maiki ya dainamiki yenye sauti ndogo, kama Shure SM7B ambayo watangazaji wengi wameanza kuitaka kwa sababu wanaiona kwenye video, huhitaji takriban desibeli 60. Mteja akiuziwa SM7B pamoja na saundi kadi dhaifu, atafungua kinobu cha Gain hadi mwisho, sauti yake itakuwa bado ndogo, na nyuma yake kutakuwa na "shiii" isiyokwisha. Hapo tena maiki itarudishwa ingawa haina kosa.

Ndiyo maana inafaa kujua toleo la bidhaa na si jina peke yake. Focusrite Scarlett 2i2 ya toleo la tatu ina ukuzaji wa desibeli 56. Toleo la nne, lililotoka 2023, limefika 69. Katoni zote mbili zimeandikwa Scarlett 2i2. Muuzaji wa jumla akitoa bei ya chini isiyo ya kawaida, huenda anamaliza mzigo wa toleo lililopita. Si dhambi kuununua, mradi mteja wa mwisho aelezwe na bei iendane na hali hiyo.

Kipimo kingine ni kelele ya priampu yenyewe, ambayo kwenye vipimo huandikwa EIN na kufuatiwa na namba yenye alama ya kutoa. Kadiri namba ilivyo kubwa baada ya alama hiyo ndivyo kelele inavyokuwa ndogo, hivyo -128 dBu ni bora kuliko -120 dBu. Ukomo wa kimaumbile kwa chanzo cha omu 150 ni karibu -131. Kwa hiyo vifaa vingi vya bei ya kati vya leo tayari viko jirani na ukomo huo, na tofauti kati ya saundi kadi ya kawaida na priampu ya bei mbaya si ya kelele tena. Ni ya ladha ya sauti, na ladha huuzwa kwa mteja anayeijua. Katoni isiyo na kipimo cha EIN popote, hata ndani ya kitabu, nayo imeshasema kitu.

Kwa nini saundi kadi huuzika

Studio nyingi za nyumbani hufanya kazi kwa mtindo mmoja. Mdundo unatengenezwa ndani ya kompyuta, kisha msanii anaingia na kurekodi sauti yake, moja baada ya nyingine. Hata waitikiaji wakiwa wanne, wanaweza kurekodiwa kwa zamu. Studio ya namna hiyo haihitaji meza yenye vinobu 80. Inahitaji priampu moja au mbili safi, njia ya kusikiliza bila kuchelewa, na waya wa kwenda kwenye kompyuta. Saundi kadi ya njia mbili inatosha, na fedha inayobaki inaenda kwenye maiki bora na kwenye mablanketi mazito ya kuzuia mwangwi chumbani. Chumba kibaya hakitibiwi na priampu yoyote.

Kuna sababu nyingine ambayo wauzaji wa Ulaya hawaitaji sana lakini huku ni ya msingi. Saundi kadi nyingi za njia mbili hutumia umeme wa USB, volti 5 kutoka kwenye kompyuta yenyewe. Umeme ukikatika, kompyuta ya mpakato inaendelea kwa betri na kazi inaendelea. Miksa inayochomekwa ukutani huzima papo hapo pamoja na kila kilichokuwa kinarekodiwa kupitia kwake.

Kwa msafirishaji, tofauti ni ya ujazo. Mizigo ya ndege hutozwa kwa uzito halisi au uzito wa ujazo, ule ulio mkubwa. Kanuni ya kawaida ya mizigo ya ndege ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita kisha kugawanya kwa 6,000. Kampuni za vifurushi vya haraka hugawanya kwa 5,000. Katoni ya sentimita 50 kwa 45 kwa 20 hutozwa kama kilo 7.5 kwa kanuni ya kwanza, na kilo 9 kwa ya pili, hata kama ndani kuna miksa ya kilo 4. Nafasi hiyo hiyo hubeba saundi kadi ndogo kadhaa.

Pale miksa inapostahili

Yapo maombi ambayo saundi kadi ndogo haiwezi kuyajibu. Kikundi cha taarabu hakirekodiwi kwa zamu bila kupoteza mwenendo wake. Kwaya inayoimba pamoja, seti ya ngoma inayohitaji maiki nne hadi nane, kipindi cha mazungumzo cha watu wanne, au studio ambayo Jumamosi hukodisha vifaa vyake kwa harusi, wote hao wana haki ya kutaka meza.

Kwa wateja hao, cha kutafuta ni miksa inayorekodi kila chaneli peke yake. Tascam Model 12 na Zoom LiveTrak L-12 ni mifano inayofahamika. Zote mbili hurekodi chaneli mbalimbali kwenye kadi ya SD bila kompyuta, jambo linalozifaa sehemu ambazo umeme wenyewe ni wa jenereta na kompyuta ni ya kuazima. Saundi kadi kubwa yenye priampu nane, kama Scarlett 18i20, nayo hufanya kazi hiyo kwa studio isiyotoka nyumbani.

Miksa kubwa kuukuu za analogi kutoka Ulaya ni habari nyingine. Ni nzito, zinakula umeme, kapasita zake zimekauka, na pasawa yake ya nje ikipotea njiani mashine inabaki kuwa meza ya kawaida. Anayeijua anaijua, asiyeijua aiache.

Na priampu ya nje?

Baadhi ya wateja, hasa waliokwisha kufanya kazi miaka kadhaa, huagiza priampu ya kujitegemea. Jina linalotajwa zaidi ni Neve 1073, muundo wa Kiingereza wa mwaka 1970 ambao hadi leo unatengenezwa na kunakiliwa na kampuni nyingi kwa bei zinazotofautiana sana. Ni bidhaa ya oda maalumu, ya kulipiwa malipo ya awali. Kuiweka dukani ikisubiri mteja ni kufungia mtaji.

Mteja mwenye maiki yenye sauti ndogo mara nyingi anahitaji kitu kidogo zaidi: kiongeza nguvu kinachokaa katikati ya waya. Cloudlifter CL-1, kwa mfano, huongeza hadi desibeli 25 na huendeshwa na volti 48 zinazotoka kwenye saundi kadi au miksa. Hakina adapta, hakina kinobu, na hakivunjiki kirahisi.

Anayeuza priampu kamili amweleze mnunuzi kwamba waya wake uingie kwenye tundu la laini, na si la maiki. Ikiingizwa kwenye tundu la maiki, sauti inapita priampu mbili mfululizo, inapasuka, na lawama zinarudi kwa aliyeleta.

Kupima kabla ya kulipa

Vifaa vya sauti vina bandia nyingi, na vingine ni bidhaa halali ila dhaifu zenye jina linalofanana na la kampuni kubwa. Mji wa Enping, jimbo la Guangdong, unajulikana kwa viwanda vingi vya maiki na vifaa vya sauti, na ubora wa kinachotoka huko hutegemea oda iliyowekwa: kuna kizuri na kuna cha kutupa. Kupima mezani huchukua dakika kumi.

Kipimo cha kwanza ni volti 48, umeme unaoendesha maiki za kondensa. Taa nyekundu kuwaka si ushahidi. Taa inaweza kuwaka ndani ya mashine inayotoa volti 20. Fundi achukue testa, aiweke kwenye volti za DC, ncha nyeusi iguse pini ya 1 ya tundu la XLR na nyekundu iguse pini ya 2, kisha ya 3. Pini zote mbili zisome kati ya 44 na 52. Pini moja ikisoma chini sana kuliko nyenzake, chaneli hiyo ni mbovu. Chaneli zote zipimwe, kwa kuwa hitilafu ya chaneli moja hugunduliwa na mteja na si na duka.

Pili ni kelele. Maiki iunganishwe, hedifoni zivaliwe, Gain ifunguliwe polepole hadi mwisho mahali tulivu. "Shii" laini ni ya kawaida. Mvumo mzito wa chini ni dalili ya umeme wa kubadilishana kuingia kwenye sauti, na chanzo chake ni adapta, waya au earth ya jengo. Jaribu tena kwenye soketi nyingine kabla ya kuilaumu mashine. Mkwaruzo unaosikika kinobu kinapozungushwa ni vumbi au kuchakaa, na kwenye mashine inayoitwa mpya ni ishara kwamba si mpya.

Adapta iangaliwe kwa makini. Miksa nyingi ndogo hutumia adapta zenye plagi ya pini tatu au zaidi inayotoa umeme wa AC, na adapta ya aina hiyo haipatikani kwenye kila duka la simu. Katoni bila adapta yake ni nusu ya bidhaa. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia plagi ya pini tatu za bapa. Burundi, Rwanda na Kongo zina plagi za pini za mviringo. Kubadilisha plagi ni jambo dogo. Volti si jambo dogo: mashine iliyoletwa kutoka Marekani kwa volti 120, au Japani kwa volti 100, huungua siku ya kwanza ikichomekwa kwenye umeme wetu kama haina transfoma ya kubadili au pasawa inayokubali volti 100 hadi 240.

Karatasi za mpakani

Kwa ujumla miksa huangukia fungu la 85.43 la orodha ya ushuru, wakati maiki, hedifoni na amplifaya ziko fungu la 85.18. Mafungu hayo hayapaswi kuandikwa kama kitu kimoja. Ankara inayosema "vifaa vya muziki, katoni 12" humlazimu ofisa kufungua katoni zote 12. Ankara ioneshe jina, modeli, idadi na bei ya kila aina, na wakala wa forodha athibitishe namba kamili kabla gari halijaondoka. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una viwango vinne, yaani asilimia 0, 10, 25 na 35, hivyo fungu lililokosewa hubadilisha hesabu yote ya faida.

Wapo wanaodhani kwamba mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 hupita bila ushuru kwa cheti rahisi cha uasili. Utaratibu huo ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Miksa iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu imenunuliwa Kariakoo au Luthuli. Risiti za ushuru na kodi zilizolipwa bandarini zitunzwe na zisafiri na mzigo, na mnunuzi ajue kwamba VAT ya nchi yake bado inamsubiri. Ni asilimia 18 Uganda, na 16 Kenya.

Mzigo wa Lubumbashi unaoshushwa Dar es Salaam una safari yake: husafiri kama transiti kupitia Tunduma na Zambia hadi Kasumbalesa, na hauruhusiwi kufunguliwa wala kuuzwa njiani.

Kwa wanaoagiza moja kwa moja kutoka nje, TBS, KEBS na UNBS zina utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijapakiwa, na cheti hicho ni bora kitafutwe huko huko. Maiki zisizotumia waya zinahesabiwa kuwa vifaa vya redio, hivyo zinahitaji kibali cha aina kutoka mamlaka ya mawasiliano, ambayo ni TCRA, CA au UCC. Zisichanganywe kwenye katoni za miksa, la sivyo maiki mbili zinaweza kuushikilia mzigo wote.

Kwenye gari

Kinachovunjika zaidi kwenye miksa ni vinobu na vitelezi vilivyo juu, na huvunjika kwa kubanwa. Katoni zilazwe kama mshale unavyoonesha na zikae juu ya mzigo, si chini ya mifuko ya saruji wala ngano. Vumbi la barabara huingia kwenye vitelezi na kuleta ule mkwaruzo uliotajwa, kwa hiyo kila katoni ivikwe nailoni na kufungwa kwa selotepu, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu kwa mzigo unaotoka pwani msimu wa mvua. Adapta isiwekwe huru ndani ya katoni, kwa sababu ni nzito na hugonga vinobu njia nzima. Ifungwe kwenye kona kwa kadibodi.

Wakati wa kupokea, katoni zipigwe picha pande zote kabla dereva hajasaini na kuondoka, na namba ya usajili ya kila mashine ilinganishwe na ile iliyo kwenye ankara.